SOMO LA JUMA HILI: UKIKUTANA NA NGIRI AU NGURUWE MWITU

Watu wengi wakaao karibu na misitu na mbuga za Kenya humwogopa simba, chui, nyati na tembo, nao wana haki ya kuogopa. Lakini nguruwe wa porini humdharau. Husema, "Huyu ni nguruwe tu," wakamwandama kwa mbwa na fimbo, na mara nyingine mmoja wao hurudi nyumbani akibebwa. Yafaa msomaji ajue kwamba mnyama huyu ana hatari mbili. Ya kwanza huonekana kwa macho, nayo ni jino lake. Ya pili haionekani, nayo yaweza kumfuata mtu mpaka nyumbani na kummalizia mifugo yake yote.

AINA TATU

Katika nchi nyingine, kama Marekani na Australia, wengi wa nguruwe wa porini ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka au walioachiliwa. Wa kwetu sivyo walivyo. Hao ni wanyama wa mwitu tangu asili, nao ni wa aina tatu.

Wa kwanza ni ngiri. Huyu hutembea mchana katika mbuga za nyasi. Hula huku amepiga magoti ya mbele, na akikimbia huinua mkia wake wima. Usiku hulala shimoni, na mara nyingi shimo hilo lilichimbwa na muhanga. Watu huyaogopa meno yake ya juu, kwa kuwa ni marefu na yamepinda. Lakini yaliyo makali zaidi ni yale mafupi ya chini, maana husuguana na ya juu kila afumbapo kinywa, yakanolewa kama kisu.

Wa pili ni nguruwe mwitu. Ana manyoya marefu na shungi mgongoni, hukaa katika vichaka vizito, na hutembea kwa makundi, hasa usiku. Aghalabu huyu ndiye mwizi wa shamba: hufukua muhogo, viazi vitamu na njugu, na kuangusha mahindi. Dume na jike wote wawili huwalinda watoto wao.

Wa tatu ni nguruwe mkubwa mweusi wa misitu ya milimani, kama Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Wataalamu wa elimu ya wanyama walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1904, ingawa wenyeji wa misitu walimjua tangu zamani. Dume lake huweza kupita kilo 200.

KWA NINI HUSHAMBULIA

Wanyama hawa hawapendi vita na watu. Wapendalo ni kukimbia. Hugeuka na kushambulia hasa wakizibiwa njia, wakiwa na watoto, wakiwa wamejeruhiwa, au wakizungukwa na mbwa. Kwa hiyo shauri kubwa ni moja: mpishe. Tena ufanye hivi:

Kwanza, simama. Usipige kelele, wala usimrushie jiwe. Tazama anataka kukimbilia upande gani, kisha ujitoe kando pole pole huku ukimwangalia.

Pili, ukiona vitoto njiani, rudi ulikotoka. Usivishike wala usivifukuze. Mama yao hayuko mbali.

Tatu, usisimame mbele ya shimo la ngiri, wala usiiname kuchungulia ndani. Ngiri mkubwa huingia kinyumenyume, kichwa kikabaki kimeelekea mlangoni. Akishtuka hutoka kwa nguvu nyingi, na mwenye kuchungulia atapigwa usoni. Watoto wachungao mbuzi waonywe sana juu ya jambo hili.

Nne, akikujia, usishindane naye mbio, maana atakupita. Panda mti, mwamba au kichuguu kirefu. Nguruwe hajui kupanda. Kama hakuna pa kupanda, weka shina la mti kati yako na yeye.

Tano, akiingia shambani usiku, usimfuate peke yako. Mfukuze kwa mwanga na kelele mkiwa watu kadha wa kadha, tena mkiwa mbali, na mwachieni wazi upande wa kutokea. Akishaingia kichakani, mwacheni aende. Muhogo hupandwa tena, lakini mguu haupandwi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mtu akijeruhiwa, mlazeni, mkandamize jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi mpaka damu ipungue. Jeraha dogo lioshwe kwa maji mengi na sabuni. Kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, maana jino lililofukua udongo laweza kuleta pepopunda.

HATARI ISIYOONEKANA

Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alieleza katika maandishi yake ugonjwa uliokuwa ukiwaua nguruwe wa kizungu waliofugwa Kenya. Karibu wote walioupata walikufa. Ugonjwa huo huitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Tangu hapo umevuka bahari: ulifika Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007, na China mwaka 2018.

Ajabu yake ni kwamba ngiri huwa nao mwilini asiugue. Katika mashimo yake hukaa papasi, nao huwauma watoto wa ngiri na kuwatia ugonjwa, au kuupokea kwao. Papasi wa namna hiyo akimwuma nguruwe wa kufugwa, au nguruwe wa kufugwa akila vipande vya nyama yenye ugonjwa, balaa huanza. Hushikwa na homa kali, hukataa chakula, masikio na tumbo huwa mekundu, pengine huharisha damu, na aghalabu hufa katika siku chache. Hakuna dawa ya kumponya. Mwanadamu hapati ugonjwa huu, lakini aliyetegemea nguruwe wake kwa karo za watoto hubaki na banda tupu.

Basi sasa msomaji ataona kwa nini si busara kubeba mzoga wa ngiri mpaka nyumbani. Tena kwa mlaji mwenyewe iko hatari nyingine. Mwaka 1961 madaktari waliandika habari za watu wa Kenya waliougua kwa kula nyama ya nguruwe mwitu yenye vijidudu vya minyoo. Vijidudu hivyo hujificha ndani ya nyama, na mtu akiila kabla haijaiva sana huingia katika misuli yake na kumletea homa na maumivu makali. Na juu ya hayo, tangu mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wa porini umepigwa marufuku katika Kenya. Mwenye kusumbuliwa na wanyama hao aende kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, asitege mitego.

MFUGAJI AFANYE NINI

Nguruwe wako wasizurure. Wajengee banda imara lenye ua ambao ngiri hawezi kuupenya, na ufa wowote wa ukuta uzibwe, maana papasi hupenda kujificha humo. Mabaki ya jikoni yachemshwe muda wa nusu saa kabla ya kulishwa nguruwe. Mgeni atokaye kwenye banda jingine asiingie kwako na viatu vyenye matope.

Nguruwe wakianza kufa ghafula, mwite afisa wa mifugo upesi. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mtu huona mali yake inapotea, akachinja wale walio wagonjwa na kuuza nyama kwa bei rahisi kabla habari haijaenea. Fedha hizo ni chache, nazo huwagharimu majirani nguruwe wao wote, maana ugonjwa husafiri pamoja na nyama hiyo. Mwenye kutoa habari mapema huweza kukiokoa kijiji kizima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni meno yapi ya ngiri yaliyo makali zaidi, na kwa nini?
2. Kwa nini ni hatari kuchungulia katika shimo lake?
3. Ngiri haugui homa ya nguruwe. Je, ugonjwa hutokaje kwake mpaka kwenye banda lako?
4. Jirani akikuuzia nyama ya nguruwe kwa bei rahisi mno wakati nguruwe wanakufa, utafanya nini?