Nyumba Hujengwa kwa Ajili ya Nani?

Kabla hujapima kuta, fikiri kwanza ni nani watakaokaa ndani. Watu wa kale walilijua jambo hili. Msonge wa majirani zetu Wahaya, ambao mfano wake wasimama katika Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1967, uligawanywa ndani kwa viambaza vya matete: mahali pa wageni, mahali pa kulala, mahali pa mifugo. Tena sakafu ilitandikwa majani, kwa maana watu walikaa chini. Moshi wa meko uliwafukuza wadudu walao paa, lakini macho na vifua vya akina mama viliumia; hilo tusilisifu.

Siku hizi, huku kwetu Ngara na Biharamulo, twajenga nyumba za pembe nne na kuziezeka mabati. Ni vema. Walakini nimeona sebule iliyojaa viti visivyokaliwa ila mgeni ajapo, naye mama mwenye nyumba apika katika kibanda kisicho na dirisha, mtoto mgongoni.

Basi wewe utakaye kujenga, mwulize yeye kwanza: meko yawe na kimo gani, mwanga uingie upande upi, moshi utokee wapi. Na bibi mzee apimiwe kizingiti awezacho kukivuka usiku pasipo taa.