Vitafunio vya Karoti na Viungo Bila Kuoka

Msimu wa karoti unapopamba moto kule Kinangop, bei ya shambani hushuka na madalali huchagua zilizonyooka tu. Zilizopinda, zilizopasuka au kugawanyika miguu miwili hubaki shambani au hulishwa ng'ombe, ilhali hazina kasoro yoyote ya ladha wala lishe. Somo la toleo hili ni kuzigeuza kuwa vitafunio vya nyumbani bila ovena na bila stima.

Karoti ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kusaidia kinga ya mtoto. Mwili huifyonza vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta, na hapo ndipo njugu karanga zinapofaa.

Kwa vitafunio kama 20, andaa karoti 3 za wastani, kikombe 1 cha njugu, kikombe 1 cha oti za uji, tende 12, asali vijiko 2 vikubwa, mdalasini kijiko 1 kidogo, tangawizi ya unga nusu kijiko kidogo, iliki 4 zilizotwangwa na chumvi kidogo. Oti zinazopandwa kwa ajili ya ng'ombe hazifai hapa. Tumia za dukani, ambazo tayari zimepitishwa kwenye mvuke. Asiyezipata atumie unga wa wimbi, lakini aukaange kwanza kwenye sufuria kavu hadi unukie. Unga mbichi huweza kubeba viini vya magonjwa.

Karoti hizi huliwa mbichi, hivyo usafi ndio kazi kubwa. Karoti inayong'aa sokoni haimaanishi ni safi, kwani nyingine huoshwa mtoni kabla ya kupakiwa. Ioshe upya kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, isugue kwa brashi, iambue, kisha uikune kwa upande mwembamba wa greta. Iweke kwenye kitambaa safi uikamue kwa nguvu. Wengi huruka hatua hii, halafu hushangaa mchanganyiko ukikataa kushikana. Maji yanayotoka yatie kwenye supu.

Njugu nazo zichambuliwe moja moja. Zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala asipewe kuku, kwani huenda zina sumukuvu, na kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo. Nzuri zikaange, zipoe, kisha zitwange kwenye kinu hadi zilainike na kuanza kutoa mafuta.

Toa kokwe za tende, ziloweke kwa maji moto dakika 10, zichuje na kuziponda. Changanya tende, asali, viungo na chumvi, kisha ongeza njugu, oti na karoti. Kanda kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Ukiwa laini mno, ongeza oti. Ukimeguka, ongeza asali kidogo. Viringa mipira ya ukubwa wa ndimu ndogo, uifunike na kuiacha mahali penye baridi kwa nusu saa. Kwenye friji hukaa siku 3. Nyumba isiyo na friji itengeneze ya kuliwa siku hiyo hiyo.

Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe, kwa sababu ya asali. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, njugu zisagwe kabisa, kwani vipande vikubwa huweza kuwakaba. Mwenye mzio wa njugu asionje hata kidogo. Tende na asali ni sukari pia, hivyo kimoja au viwili kwa mtoto vinatosha.

Anayenuia kuviuza shuleni au sokoni aanzie kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake, aelezwe kuhusu leseni na cheti cha afya cha wanaoshughulikia vyakula.