Mahitaji ya Gesi Yakipanda, Mwenye Shamba Anapata Nini?

Hapa Tanzania gesi asilia ni mali ya umma, na mrabaha hulipwa serikalini. Marekani ni tofauti. Mkulima wa Pennsylvania anaweza kumiliki gesi iliyo chini ya shamba lake, na akiikodisha kwa kampuni, sheria ya mwaka 1979 inamhakikishia angalau asilimia 12.5.

Wengi hudhani mahitaji yakipanda na hundi itanenepa. Sivyo. Mwaka 2023 Marekani iliongoza duniani kwa kuuza nje gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika. Hata hivyo, bei ya Henry Hub, Louisiana, iliyokuwa wastani wa zaidi ya dola 6 kwa kila BTU milioni moja mwaka 2022, ilishuka hadi dola 2 na ushee mwaka 2024. Visima vilitoa gesi nyingi, na baridi haikuwa kali.

Tena kuna makato, na hapa ndipo wengi huumia. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kuwa gharama za kusafisha na kusafirisha gesi zinaweza kuondolewa kabla ya kukokotoa asilimia hiyo. Asiyetaka makato hayo hudai kipengele cha kuyazuia kiandikwe katika mkataba kabla hajatia saini.