Je, Mwanagenzi Mzito Aweza Kulinda Upande wa Kushoto?

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, na huko, kwa mara ya kwanza, nilitazama katika televisheni mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda yetu. Mpira wenyewe una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu. Walionivuta zaidi ni watu watano wakubwa waliosimama mstari wa mbele. Mjomba alinionyesha wa mwisho upande wa kushoto, akasema, "Huyu, mwanangu, kwa kawaida ndiye hulipwa zaidi katika mstari huo, na mpira haugusi."

Nikajiuliza: mtu mzito namna ile, tena akiwa mwanagenzi aliyeingia kazini mwaka huu huu, aweza kupewa mahali hapo? Swali hilo nimerudi nalo shuleni, na sababu ninayo. Mimi ndiye mzito kuliko wote katika Kidato cha Tatu. Timu ikichaguliwa huwekwa golini bila kuulizwa, ati kwa kuwa naziba mlango. Basi nilitaka kujua kama uzito ni hukumu, au ni hesabu tu kama hesabu nyingine.

Kazi yenyewe

Kila timu ina watu 11 uwanjani. Nyuma ya mstari wa mbele husimama mrusha mpira. Ikiwa anatumia mkono wa kulia, anapojiandaa kurusha hutanguliza bega la kushoto, na mgongo wake huelekea kushoto. Adui anayetokea upande huo haonekani. Tarehe 18 Novemba, 1985, Joe Theismann, mrusha mpira wa Washington, alikamatwa na Lawrence Taylor wa New York Giants, akavunjika mguu, wala hakucheza tena. Tukio hilo hutajwa sana kila inapoelezwa thamani ya mlinzi wa kushoto.

Mlinzi huyo ana taabu tatu. Kwanza, hufanya kazi akirudi nyuma, ilhali adui anakuja mbele kwa mbio. Pili, upande wake wa nje hana jirani. Walinzi wa ndani wana mwenzao kulia na kushoto. Tatu, haruhusiwa kumkumbatia adui wala kumvuta. Akifanya hivyo timu yake hurudishwa yadi 10. Mara nyingi yampasa kumzuia kwa muda wa sekunde mbili na nusu au tatu. Ni muda mfupi kwa msemaji, mrefu kwa mtendaji.

Hesabu ya uzito

Tuseme adui wa kilo 113 anakuja kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, akagongana na mlinzi aliyesimama, wakaenda pamoja. Zidisha 113 kwa 5, upate 565. Ikiwa mlinzi ana kilo 165, wote wawili ni kilo 278. Gawanya, utapata kwamba mlinzi anasukumwa nyuma kwa kasi ya mita 2.03 kwa sekunde. Ikiwa mlinzi ana kilo 135, atasukumwa kwa mita 2.28 kwa sekunde. Hapa uzito ni mali.

Lakini adui mwenye akili hagongi ukuta, huuzunguka. Tuseme mlinzi anakwenda upande wa nje kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, na adui amegeuka ghafula kuingia ndani. Mlinzi yampasa kusimama katika sehemu 4 za 10 za sekunde. Mwenye kilo 135 ahitaji nguvu ya nyutoni 675 katika miguu yake. Mwenye kilo 165 ahitaji nyutoni 825. Ile ziada ya 150 ni sawa na kubeba mzigo wa kilo 15 kila anapobadili njia, na katika mechi moja atabadili njia mara nyingi mno. Hapa uzito ni deni, na deni hilo hulipwa na mapaja na magoti.

Kwa hiyo kuuliza, "Ana ratli ngapi?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni, "Miguu yake inazimudu ratli hizo hadi mwisho wa mchezo?"

Mifano ya watu watatu

Jonathan Ogden alichaguliwa na Baltimore Ravens mwaka 1996, akiwa mtu wa nne katika uchaguzi wa mwaka huo. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 9, na katika orodha aliandikwa ratli 345. Waalimu wake hawakumpeleka pembeni mara moja. Mwaka wa kwanza alicheza mlinzi wa ndani wa kushoto, na mwaka 1997 ndipo alipohamishiwa nje. Mwaka 2013 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Mekhi Becton alipopimwa mwaka 2020 alikuwa na ratli 364, yaani kilo 165. Hata hivyo alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.10, jambo lililowashangaza watu. New York Jets walimchagua akiwa wa 11, wakampa mahali pa mlinzi wa kushoto mwaka huo huo, naye alifanya kazi ya kusifiwa. Kisha, katika mechi ya kwanza ya mwaka 2021, aliumia goti, na mwaka 2022 hakucheza kabisa kwa sababu ya goti. Mimi sisemi kwamba uzito ndio uliomvunja, kwani hata wepesi huumia magoti. Nasema tu kwamba kuweza mwaka mmoja si kudumu.

Jordan Mailata alitoka Australia, kwenye raga, na hakuwa amecheza mpira wa Kimarekani hata mechi moja Philadelphia Eagles walipomchagua mwaka 2018, akiwa wa 233. Urefu wake ni futi 6 na inchi 8, na uzito wake wakati huo ulikuwa karibu ratli 350. Miaka miwili hakucheza mechi yoyote ya ligi. Alikuwa akijifunza na kuuguza mgongo. Mwaka 2020 ndipo alipoanza kupangwa mlinzi wa kushoto.

Sasa tazama ilivyokuwa tarehe 9 Februari, 2025. Siku hiyo Eagles walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Kansas City Chiefs 40 kwa 22. Mlinzi wa kushoto alikuwa Mailata. Na Becton? Alikuwa katika mstari huo huo, mlinzi wa ndani wa kulia, mahali ambapo jirani yuko kila upande. Watu wawili wazito, kila mmoja mahali pake, na wote wakavaa pete ya ubingwa.

Jaribio letu

Mwalimu wetu wa Fizikia aliposikia ubishi wetu alisema, "Msishindane kwa midomo. Pimeni." Tukaweka mawe mawili, mita 5 baina yake. Kila mmoja wetu, tulikuwa wanne, alikwenda kiubavu na kurudi, macho mbele, bila kupishanisha miguu. Tulifanya hivyo mara tano, kwa mapumziko ya nusu dakika tu.

Mara ya kwanza nilikuwa wa pili, nikapiga kelele za furaha. Mara ya tano nilikuwa wa mwisho, tena mbali sana, nikihema kama mvukuto. Hapo nikafahamu kwamba miguu ninayo, pumzi sina. Nimefanya zoezi hilo kila jioni kwa wiki sita, na juzi mara ya tano nilikuwa wa tatu. Si ushindi wa kupigiwa ngoma, lakini nahodha amekubali kunijaribu beki Jumamosi ijayo. Nikishindwa, nitarudi golini nikijua sababu, si kwa kuambiwa tu.

Jawabu langu ni hili: mwanagenzi mzito aweza kulinda upande wa kushoto, ikiwa miguu yake yageuka upesi, ikiwa pumzi yamtosha, na ikiwa wakubwa wake wana subira ya kumfundisha, hata kama ni kwa kumweka ndani kwanza. Asiyeweza pembeni huenda akafaa sana mahali pengine pa mstari huo huo.

Msomaji, kabla ya kukubali maneno yangu, fanya hesabu hii: mlinzi wa kilo 150 anakwenda kiubavu kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, ahitaji nguvu gani kusimama katika sehemu 4 za 10 za sekunde? Kisha tafuta mawe mawili ujipime mwenyewe, mara ya kwanza na mara ya tano.