Mvua Hurudisha Tunachopandisha Angani

Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Je, mvua hiyo ni safi? Katika mlima Puy de Dôme, Ufaransa, wataalamu wamekuta maelfu ya bakteria katika kila mililita ya maji ya mawingu. Wengi hawana madhara. Baadhi hula hata kemikali zitokanazo na moshi. Lakini mvua hushusha pia majivu. Huku Mwanza tukichoma mashamba na takataka, fosforasi ya majivu huangukia ziwani na kurutubisha mwani. Mwani ukizidi, samaki hukosa hewa. Basi tusichome ovyo. Tuache mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga maji, na ya kunywa tuyachemshe. Mungu hutujalia mvua. Hewa ametukabidhi tuitunze.