SOMO LA IJUMAA: NANI ATAMPOSA ALIYEFUNGIWA NDANI?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu waumini. Katika Sura An-Nur, aya ya 32, Allah (s.w.) ametuamrisha tuwaozeshe wasio na waume na wasio na wake miongoni mwetu, na ameahidi kwamba wakiwa mafukara atawatajirisha kwa fadhila zake. Aya haikumtoa kiwete, wala kipofu, wala kiziwi. Sisi hapa Bunia ndio tumewatoa.

Tufanye hesabu. Mtoto aliyepigwa risasi ya mguu au kukatwa mkono mwaka 2003, vita vilipoingia mjini, naye akiwa na miaka 5, leo amepita miaka 25. Huyo si mtoto tena. Ana moyo na matamanio kama kijana yeyote wa Nyakasanza au Mudzi-Pela anayekimbiza mpira. Lakini tukitaja habari zake, tunataja chakula chake na dawa zake. Habari ya mke hakuna anayeigusa.

Na vijana wengine wanajuana vipi? Wanaonana harusini, kwenye darasa, sokoni, kwa shangazi siku ya Idi. Shangazi anasema, "Kuna binti wa fulani, ana adabu," na neno linatembea mpaka linafika kwa wazee. Sasa binti kiziwi, ambaye wageni wakibisha hodi anaambiwa aingie chumba cha nyuma, shangazi atamtaja kwa nani? Tunamficha, halafu tunasema hajapata mchumba. Anabaki na telefoni yake, na humo anapokea maneno matamu ya mtu asiyemjua ukoo wala nyumba.

Kuna baya zaidi, na lazima lisemwe. Wapo wanaume wanaomwendea binti mlemavu usiku, na mchana wakikutana naye njiani hawamjui. Akipata mimba, mwanaume anacheka: "Nani ataamini kwamba mimi nilimtaka yule?" Huyo amekusanya zinaa na dhuluma. Anajua sisi wenyewe tumekwisha amua kwamba binti yule hatakiwi, na anajificha nyuma ya uamuzi wetu. Na kama alimlazimisha, wazazi, msiniletee habari ya kufunga ndoa ili kusitiri. Hiyo ni kesi ya kupeleka mbele ya sheria.

Tazameni zamani za Mtume (s.a.w.). Julaybib (r.a.) hakuwa na sura ya kupendeza, wala hakuwa na ukoo wa kujivunia. Mtume mwenyewe alimwendea mtu wa Ansari kumposea binti yake. Baba akasema atashauriana na mama, na mama akakataa kabisa. Aliyekubali ni binti, aliposikia nyuma ya pazia ni nani aliyetuma posa. Hadithi haikusema Julaybib alikuwa kilema, nami sitaongeza. Ninachotaka mkione ni nani aliyesimama kumposea: kiongozi wa umma, kwa mdomo wake. Vijana wetu wenye magongo wanaposea peke yao, na mjomba wa binti anauliza, "Atamlisha kwa mguu upi?", ilhali kijana ana meza yake ya kutengeneza telefoni na analipa kodi ya nyumba kila mwezi.

Amr bin al-Jamuh (r.a.) naye alikuwa kiwete, tena kiwete sana. Alikuwa mkubwa wa Banu Salama, mume wa Hind bint Amr, na baba wa wana waliopigana Uhud mwaka wa 3 Hijria. Wanawe walitaka abaki nyumbani. Akaenda kumlalamikia Mtume, akaruhusiwa, akafa shahidi.

Wengine wanaogopa watoto watakaozaliwa. Polio ni ugonjwa unaoingia kwa mdomo kupitia maji na chakula kichafu, haurithiwi. Risasi hairithiwi. Jicho lililopofuka kwa surua halirithiwi. Kama mtu amezaliwa na hali yake na mna wasiwasi, muulizeni daktari, msiende kwa mpiga ramli.

Kuhusu posa yenyewe. Hali isemwe wazi kabla ya akdi, pande zote mbili; kuficha kunavunja nyumba. Kipofu anaruhusiwa kumtuma mwanamke mwaminifu akamtazamie, naye aongee na binti mbele ya maharimu wake. Bubu anaoa kwa ishara inayofahamika, lakini anayetafsiri ishara asiwe mjomba anayesubiri mahari. Na msimtoe binti mlemavu kwa mzee yeyote anayepita, mkidhani mmepata bahati. Khansaa bint Khidaam (r.a.) aliozwa na baba yake naye hataki, akaenda kwa Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Kiwete anayo haki ya kusema hapana, hata kama posa ni moja tu.

Serikali ya Kongo ilitoa sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu tarehe 3 Mei 2022. Ni jambo jema, lakini hakuna hakimu atakayemketisha mtu kwenye sinia ya walima. Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 61, Allah (s.w.) amemtaja kipofu, kiwete na mgonjwa pale anapozungumza habari ya kula majumbani mwetu, kwamba hakuna ubaya. Mwenye harusi mwezi huu aangalie tena majina ya wageni wake. Mwenye pikipiki apite nyumbani kwa asiyeweza kutembea, amlete, na asimkalishe nyuma karibu na masufuria. Na mama mwenye binti kiziwi, wageni wakifika leo jioni, yeye ndiye alete chai.

Wabillahi tawfiq.