Wazee Wetu wa Vita: Tuandike Wangali Nasi

Masomo: Yoshua 4:1–9, Luka 1:1–4



Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani, Bwana aliwaagiza watwae mawe kumi na mawili kutoka mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwajibu. Tuangalie jambo moja: jiwe peke yake halisemi. Lamhitaji mtu aliyevuka mto, awaeleze wale ambao hawakuwapo.

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tulikuwa na watu waliovuka maji ya mbali. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 hadi 1945, Waingereza waliokuwa wakiitawala Tanganyika waliandika watu zaidi ya 80,000 kutoka nchi yetu. Wengi waliingia King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Askari wa Keya walipigana na Waitaliano huko Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakawafukuza Wajapani katika matope na malaria ya bonde la Kabaw, huko Burma. Hata hivyo malipo yao yalikuwa madogo kuliko ya askari Wazungu.

Mmoja wa askari hao alikuwa Jenerali David Musuguri wa Butiama. Aliingia Keya mwaka 1942, akafika Madagaska. Baadaye aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Uganda, akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 1980 hadi 1988. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Taifa lilimjua, na habari zake zimeandikwa. Lakini yule askari wa kawaida, aliyerudi kijijini akashika jembe, ni nani aliyemwandika? Kijana aliyeingia jeshini mwaka 1945 akiwa na miaka 18 alizaliwa mwaka 1927. Tuliwasikia wazee hao wakizungumza jioni, tukadhani watakuwapo siku zote.

Tusichelewe mara ya pili. Majeshi ya Amin yalivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Waliokuwa vijana wa jeshi na mgambo wakati ule, leo ni wazee tunaoketi nao kanisani.

Luka hasemi kwamba aliyaona mambo yote kwa macho yake. Asema yalipokewa kwa mashahidi, naye akayachunguza kabla ya kuyaandika. Basi nasi tufanye hivi:

1. Vijana wawili wamwendee mzee, kwanza kuomba ruhusa. Mmoja aulize, mwingine aandike. Simu ikiweza kurekodi, itumike kwa idhini yake.

2. Azungumze lugha anayoipenda, Kizanaki, Kijita, Kikurya au nyingine. Tusimkatize wala kumsahihisha.

3. Tutenge aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia kwa wengine.

4. Tumsomee tulichoandika. Asilotaka liandikwe, lifutwe.

5. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine itunzwe parokiani pamoja na daftari za ubatizo.

Ambapo mzee wa Keya amekwisha kulala, tumwendee mjane wake au watoto wake, nao watueleze walivyosimuliwa.

Tuwe waangalifu, ndugu. Hatuendi kutafuta sifa za vita. Wako waliobeba kwa miaka mingi kifo cha rafiki, au mauaji ya mikono yao wenyewe, wasimwambie mtu. Mzee akilia, kalamu iwekwe chini. Akitaka kuomba, tuombe naye. Akitaka kumwona mchungaji, aitwe. Kumsikiliza ni huduma, hata kama daftari litabaki tupu siku hiyo.

Jumapili iliyo karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kila mtaa usome simulizi moja mbele ya watoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda vitani? Alirudi?

2. Ni mzee gani wa mtaa wetu ambaye hatujamwuliza neno?

3. Watoto wetu wakituuliza, tutawajibu nini?

Sala: Ee Bwana, uliyeyajua machozi ya askari kabla hatujayauliza, utupe masikio ya upole, uwape wazee wetu amani, na watoto wetu kumbukumbu ya kweli. Amina.